Queen au Led Zeppelin: nani wanastahili jina walilonalo?

Ukitaka kuanzisha ubishi usioisha mbele ya wapenzi wa muziki wa roki, waambie bendi yao imepewa sifa kuliko kazi iliyofanya. Ubishi huo huwa mkali zaidi zikitajwa bendi mbili za Uingereza: Led Zeppelin, iliyoundwa London mwaka 1968, na Queen, iliyoundwa mji huohuo miaka miwili baadaye. Zote mbili ziliuza mamilioni ya rekodi. Zote mbili zilipondwa na jarida la Rolling Stone la Marekani zilipokuwa bado changa au zinapanda. Led Zeppelin walipondwa tangu albamu ya kwanza, na mhakiki Dave Marsh alipoisikiliza albamu ya Jazz ya mwaka 1978 aliwaita Queen bendi ya kwanza ya roki ya kifashisti. Leo ukizikosoa unaonekana hujui muziki.

Nimeziweka pamoja kwa ajili ya mtu ambaye anazijua kwa majina na kwa vibao viwili vitatu vya redioni, ana jioni kadhaa za kusikiliza kwa utulivu, na anataka kujua aanze na ipi. Na pia aambiwe bila kuzungushwa ni jina lipi limeizidi kazi.

Kwanza tuweke kando jambo moja linalotuvuruga Waswahili. Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa wazazi Waparsi. Tangu 2019 kuna makumbusho yake Shangani, na watalii hupiga picha mlangoni. Kabla ya hapo, mwaka 2006, sherehe ya kumkumbuka iliyopangwa Zanzibar ilifutwa baada ya kupingwa na kundi la Kiislamu la Uamsho. Waliomdai na waliomkataa, wote hawakuwa wakizungumzia muziki. Alipelekwa shule ya bweni India akiwa mdogo, akarudi kwa muda, kisha familia ikahamia Feltham, karibu na London, baada ya Mapinduzi ya 1964. Ukizisikiliza albamu zote za Queen ukitafuta taarabu humo, utatoka mikono mitupu. Kwa hiyo nitampima kana kwamba amezaliwa Birmingham.

Watunzi wanne

Sura ya Freddie imeifunika sifa ya Queen ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote: kila mmoja wa wale wanne alitunga kibao kilichozunguka dunia. Bohemian Rhapsody, Killer Queen, Somebody to Love na We Are the Champions ni za Mercury. We Will Rock You ni ya Brian May, mpiga gitaa. Radio Ga Ga ni ya Roger Taylor, mpiga dramu. Another One Bites the Dust na I Want to Break Free ni za John Deacon, mpiga besi mkimya ambaye watu wengi wasingemtambua hata akipanda nao basi moja. Hata Beatles, ambao ndio kipimo cha wote, hawakuwa na mpiga dramu aliyetunga kwa kiwango hicho wakiwa bado pamoja.

Tuchukue Bohemian Rhapsody ya mwaka 1975, maana hakuna wimbo uliosifiwa kwa uvivu kama huu. Una dakika 5 na sekunde 55. Hauna kiitikio. Unaanza kwa sauti tupu, unashuka kwenye piano, unaingia kwenye kichekesho cha opera, unalipuka kwa magitaa, kisha unazima taratibu. Ile kwaya unayoisikia katikati si kwaya. Ni Mercury, May na Taylor, watu watatu, waliorekodi sauti juu ya sauti kwa muda wa karibu wiki tatu. Ulikaa namba moja Uingereza kwa wiki tisa, na mwaka 1991, baada ya Mercury kufariki, ukarudi tena kileleni. Wimbo wa aina hiyo ungeweza kuwa sarakasi tu ya studio. Ninachokiona mimi ni kwamba kila kipande kina mahadhi yanayosimama peke yake, na ndiyo maana watu wasiojua neno moja la Kiingereza huuimba hadi mwisho.

Na upande wa pili wa shilingi, We Will Rock You ya 1977: miguu miwili chini, kofi moja, sauti, na gitaa linaloingia mwishoni kabisa. Hakuna dramu. May aliutunga makusudi ili umati uweze kuupiga wenyewe. Mtu aliyewahi kukaa uwanja wa mpira anajua kama alifanikiwa.

Lakini watunzi wanne wana gharama yake. Albamu za Queen zinayumba. A Night at the Opera, inayotajwa kuwa bora yao, inakutoa kwenye wimbo wenye sumu ya kumtukana meneja wa zamani na kukuingiza, bila hodi, kwenye kijiwimbo cha mapumziko ya Jumapili kama cha kumbi za zamani za London. Wapo wanaoipenda rabsha hiyo. Mimi huona watu wanne wanaogawana nafasi. Albamu ya Hot Space ya mwaka 1982, ukiondoa Under Pressure waliyoimba na David Bowie, ni ya bendi iliyofika kwenye disko watu wakiwa wanatoka. Mkusanyiko wao wa Greatest Hits wa 1981 umeuza zaidi ya nakala milioni 7 Uingereza pekee, na hakuna albamu iliyouza zaidi yake nchini humo. Takwimu hiyo inawapa sifa, na papo hapo inatuambia jinsi umma ulivyoamua kuwasikiliza: vibao vichukuliwe, mengine yabaki.

Deni la Led Zeppelin

Kwa Zeppelin mambo ni kinyume kabisa. Albamu zao zimeshikana vizuri ajabu, lakini ukiuliza nyimbo zilitoka wapi, jina linaanza kuvuja.

Willie Dixon alizaliwa Vicksburg, Mississippi, akahamia Chicago, na huko akawa mtunzi aliyewalisha Muddy Waters na Howlin' Wolf nyimbo za bluzi. Mwaka 1962 Muddy Waters alirekodi utunzi wake uitwao You Need Love. Mwaka 1969 Led Zeppelin walitoa Whole Lotta Love, na maneno ya mwimbaji wao Robert Plant humo yalifanana mno na ya Dixon. Kwenye lebo ya rekodi waliandikwa wanabendi wanne tu. Dixon alifungua kesi mwaka 1985, wakamalizana nje ya mahakama miaka miwili baadaye, na sasa jina lake limo kwenye orodha ya watunzi. Albamu hiyohiyo ina The Lemon Song, iliyochota waziwazi kutoka Killing Floor ya Howlin' Wolf. Nayo ililetewa madai, nayo ikalipiwa.

Halafu kuna Dazed and Confused, wimbo ambao mpiga gitaa wao Jimmy Page aliufanya jukwaa lake la kupiga gitaa kwa upinde wa fidla. Mwimbaji wa Marekani Jake Holmes aliutoa wimbo wenye jina hilohilo mwaka 1967, na mwaka huohuo alipiga onyesho moja na Yardbirds, bendi ya zamani ya Page. Albamu ya kwanza ya Led Zeppelin ilipotoka, mtunzi aliandikwa kuwa Page peke yake. Holmes alikwenda mahakamani mwaka 2010. Matoleo ya baadaye yanakiri kwamba wimbo ulipata msukumo kutoka kwake.

Mtetezi wa Zeppelin atakuambia bluzi yenyewe ni mali ya kuazimana, kila mtu alichukua kwa mwenzake. Kweli. Hata taarabu yetu imeazima mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi miaka nenda rudi, na hakuna anayekosa usingizi. Tofauti ni fedha na jina. Wanamuziki wa Chicago waliokuwa wakiazimana walikuwa wote wanahangaikia kodi ya nyumba. Hawa vijana wa Uingereza walikuwa wanajaza viwanja, na meneja wao Peter Grant alikuwa maarufu kwa kudai asilimia 90 ya mapato ya mlangoni. Bendi iliyojua hesabu kiasi hicho ilijua pia maana ya kuandika jina kwenye lebo.

Haki itendeke hata hivyo. Kwenye When the Levee Breaks, utunzi wa mwaka 1929 wa Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie kuhusu mafuriko makubwa ya mto Mississippi, waliliweka jina la Memphis Minnie tangu mwanzo. Na ile kesi iliyovuma zaidi, ya Stairway to Heaven na wimbo wa bendi ya Spirit, walishinda: baraza la mahakama Los Angeles liliamua upande wao mwaka 2016, na rufaa ikawathibitisha 2020. Wala Queen si malaika. Besi ya Another One Bites the Dust ni ndugu wa karibu wa Good Times ya Chic, bendi ya disko ya Marekani, iliyotoka mwaka mmoja kabla. Ila Deacon alichukua mwendo wa besi akajenga wimbo mwingine juu yake. Hakuchukua beti za mtu.

Mlio

Hapa Queen hawana jibu, na nasema hivyo nikijua gitaa la May lina hadithi tamu: alilitengeneza na baba yake nyumbani, shingo yake ikatokana na mbao za sehemu ya kuotea moto, na hulipiga kwa sarafu ya zamani ya peni sita ya Kiingereza. Mlio wake unatambulika baada ya noti mbili. Lakini mlio wa Queen ni wa studio iliyong'arishwa, kila sauti mahali pake, kila kona imepigwa rangi.

Led Zeppelin walirekodi hewa. Jimmy Page na mpiga besi John Paul Jones walikuwa wamefanya kazi miaka kadhaa kama wanamuziki wa kukodiwa kwenye studio za London, wakipiga kwenye rekodi za watu wengine, na humo wakajifunza jambo ambalo wengi hawakulijali: umbali kati ya ala na maikrofoni ni sehemu ya muziki. Mwaka 1971 walihamia Headley Grange, nyumba kuukuu ya shamba huko Hampshire, wakaliweka dramu la John Bonham ukumbini chini ya ngazi na kuning'iniza maikrofoni ghorofani. Ule mshindo mzito unaofungua When the Levee Breaks ni Bonham pamoja na kuta za nyumba ile. Beastie Boys waliuchukua mwaka 1986 kwa ajili ya hip hop, na wengi waliwafuata. Ukiwa umekulia kwenye midundo ya kurap, huenda umemsikia Bonham kabla ya kujua kama kuna bendi iitwayo Led Zeppelin.

Kisha sikiliza Kashmir, ya mwaka 1975. Jina ni la eneo la kaskazini mwa Bara Hindi, lakini maneno Plant aliyapata barabarani kusini mwa Morocco. Dramu inahesabu nne. Gitaa na vinanda vinahesabu tatu. Vinaachana, vinatafutana, vinakutana kwenye kumi na mbili, vinaachana tena, kwa zaidi ya dakika nane. Mtu aliyezoea ngoma za Afrika, ambako tatu na mbili hukaa nyumba moja bila kugombana, hatahitaji kufafanuliwa. Mzungu aliyekulia kwenye roki ya moja-mbili-tatu-nne ndiye aliyeshangaa. Na hao Zeppelin wenyewe walijua walikokuwa wakitazama: mwaka 1994 Page na Plant walikwenda Marrakech kurekodi na wapigaji wa Kignawa, muziki wa jadi wa Morocco, na 2003 Plant akapiga kwenye tamasha la jangwani karibu na Timbuktu, Mali.

Kama wewe ni mpenzi wa dansi, utanielewa haraka nikisema hivi: Queen ni bendi ya beti na kiitikio, Zeppelin ni bendi ya chemko. Kwa Queen ukikosa kumsikia mwimbaji umekosa wimbo. Kwa Zeppelin, Plant akinyamaza ndipo mambo yanapoanza.

Jukwaani

Bahati ilitupa kipimo ambacho ni nadra kukipata. Tarehe 13 Julai 1985 lilifanyika tamasha la Live Aid la kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia, London na Philadelphia kwa siku moja. Queen walipiga Wembley. Led Zeppelin waliungana tena Philadelphia.

Queen walikuwa wamefanya mazoezi huku wakitazama saa, wakakata nyimbo zao zienee ndani ya dakika kama ishirini. Bohemian Rhapsody wakaikatisha kabla ya opera. Hakuna hotuba, hakuna wimbo mpya wa kutangaza. Mercury akacheza na sauti ya umati wa watu zaidi ya elfu sabini, anatupa, wanarudisha, anatupa ngumu zaidi, wanarudisha. Nimeitazama picha hiyo ya video mara nyingi na bado inanishangaza jinsi anavyopumzika katikati ya presha ile, kama mtu yuko sebuleni kwake.

Upande wa pili, Zeppelin walipanda na wapiga dramu wawili wa kuazima, mmoja akiwa Phil Collins aliyetoka kupiga London na kuvuka Atlantiki kwa ndege ya Concorde. Mazoezi yalikuwa haba. Plant sauti imekauka, gitaa la Page haliko sawa. Wenyewe walikichukia walichokifanya hadi wakakataa kisiwemo kwenye DVD ya tamasha ilipotoka mwaka 2004.

Je, hiyo ni haki? Si haki kabisa. Bonham alikuwa amefariki Septemba 1980 na bendi ikavunjwa Desemba mwaka huo. Kuwapima kwa 1985 ni kumpima bondia aliyestaafu. Rekodi zao za jukwaani za 1972 na 1973 zinatisha, hasa pale wanapouacha wimbo na kwenda wasikokujua. Zina pia zaidi ya dakika 20 za Dazed and Confused ambazo nawatakia subira njema. Queen jukwaani hawakupotea njia namna hiyo, lakini pia hawakugundua kitu njiani.

Na kama tunaandika hesabu ya jukwaa, tusiruke Oktoba 1984. Queen walikwenda kupiga Sun City, kituo cha starehe kwenye kile kilichoitwa Bophuthatswana, kijinchi kilichoundwa na serikali ya makaburu, wakati wanamuziki wa dunia walikuwa wameombwa wasiende Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwapiga faini. Walijitetea kwamba wao hawashughuliki na siasa, utetezi uliokuwa dhaifu siku hiyo na umezidi kudhoofika. Filamu ya 2018, Bohemian Rhapsody, iliyowatambulisha kwa kizazi kipya haikutaka habari hizo. May na Taylor walipiga Cape Town mwaka 2003 kwenye onyesho la Mandela la 46664, namba yake ya gerezani, na walipokelewa vizuri. Madiba alikuwa mwepesi wa kusamehe. Sisi wengine tunaruhusiwa kukumbuka.

Baada ya vifo

Hapa niwe mfupi. Zeppelin, ukiacha siku chache kama hiyo ya Philadelphia, walinyamaza. Walirudi usiku mmoja London, Desemba 2007, mtoto wa Bonham akiwa nyuma ya dramu, wakapiga vizuri, wakaenda nyumbani. Queen wameendelea kuzunguka dunia, tangu 2011 wakiwa na mwimbaji Adam Lambert. Deacon alikwishastaafu tangu miaka ya 1990. Lambert anaimba vizuri na anajua yeye si Freddie. Nisingelipa nauli ya kwenda kuwaona, lakini simlaumu anayelipa.

Sasa uchague

Jina lililozidi kazi, kwa upande wa utunzi, ni la Led Zeppelin. Kama ningekuwa na mamlaka ningewapunguzia theluthi ya sifa hiyo na kuipeleka Mississippi na Chicago. Kama wapigaji na watu waliojua kurekodi, hawajazidishiwa hata senti. Queen wanastahili jina la watunzi wa nyimbo na la jukwaani, lote, pamoja na doa la Sun City. Jina la watengenezaji wa albamu kubwa, hilo wamepewa kwa huruma.

Kwa hiyo, kama wewe hupenda wimbo unaoushika mara moja na kuuimba njiani, au unamfuata mwimbaji kwanza, anza na Queen, na usione aibu kuanza na Greatest Hits ya 1981. Ukitaka albamu kamili, chukua Sheer Heart Attack ya 1974 kabla ya A Night at the Opera; ni nyepesi zaidi na haijivuni. Kama ni mtu wa magitaa na midundo, anza na albamu ya nne ya Led Zeppelin, ile ya 1971 isiyo na jina kwenye jalada, na uisikilize kwa spika zenye besi ya kweli, si simu. Ukitoka hapo nenda Physical Graffiti ya 1975. Ni ndefu, ina makapi mawili matatu kwenye sahani ya pili, na ndiyo ninayoirudia mimi.

Yule asiyeweza kuvumilia sauti ya Plant inayopanda hadi darini, na wapo wengi, abaki na Queen kwa amani. Na yule ambaye Whole Lotta Love imemwingia, atafute pia You Need Love ya Muddy Waters. Haimalizi hata dakika tatu.